Wanawake Waliofutwa Daftarini

Wanangu, hebu wafikirieni ndugu wawili wa tumbo moja, kaka na dada. Wamezaliwa nyumba moja, wamelelewa na bibi mmoja, wanasema lugha ya mababu zao, na kila msimu wanavua samaki kwenye mto uleule. Kaka akafika umri wa kuoa, akaoa msichana wa mji wa mbali, asiye wa kabila lake. Karani wa serikali akafungua daftari, akamwandika bibi harusi: tangu leo huyu ni mwenyeji wa hapa, ana haki ya kuishi hapa, watoto wake ni wa hapa, na akifa atazikwa hapa. Mwaka uliofuata dada naye akaolewa na kijana wa mji uleule wa mbali. Karani akafungua daftari lilelile, akakata jina lake. Tangu leo huyu si mwenyeji. Hawezi kumiliki nyumba kijijini wala kurithi kiwanja cha mama yake, watoto wake ni wageni, na akifa makaburi ya kwao si yake.

Ndugu hao nimewatunga ili tuelewane. Sheria yenyewe sikuitunga. Iliwatawala wenyeji wa asili wa Kanada tangu 1869 hadi 1985, zaidi ya miaka mia moja. Leo nataka niwasimulie wanawake walioing'oa. Wengi wao hawakuwa na cheo wala fedha. Walikuwa mama na mabibi wa vijijini, na walianza bila kujua kama wangefika popote.

Kwanza tuelewe sheria ilitoka wapi. Kabla ya Wazungu kufika, nchi ile ilikuwa na wenyewe: Wamohawk, Waanishinaabe, Wamaliseet, na mataifa mengine mengi, kila moja na lugha yake na utawala wake. Mabaharia wa Ulaya waliofika bara la Amerika walidhani wamefika India, wakawaita wenyeji "Wahindi", na jina likaganda hata kwenye vitabu vya serikali. Mwaka 1876 bunge la Kanada lilikusanya amri zote kuhusu watu hawa katika sheria moja, ikaitwa Sheria ya Wahindi. Sheria hiyo ndiyo iliyosema nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, nani aishi kwenye ardhi waliyotengewa, na mabaraza yao yachaguliwe vipi. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura katika mabaraza hayo mpaka 1951.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote. Kwa Wamohawk, tangu zamani, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama wakuu wa koo ndio wanaoteua machifu, na chifu akipotoka, wao ndio wanaomwondoa. Kwa hiyo kanuni ya kwamba mwanamke humfuata mume na kupoteza kwao haikutoka kwa mababu wa Mohawk. Iliandikwa na wabunge wa Kizungu, wanaume watupu, ambao kwao wenyewe mke alihesabiwa kuwa chini ya mumewe. Lakini kanuni ikikaa miaka mia, watu huzaliwa ndani yake, huzeeka ndani yake, na wajukuu huambiwa kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa tangu enzi.

Mmoja wa waliokataa kuambiwa hivyo aliitwa Mary Two-Axe Earley. Alizaliwa mwaka 1911 Kahnawake, kijiji cha Wamohawk kilicho ng'ambo ya mto St. Lawrence, ukitazama kutoka jiji la Montreal. Akiwa msichana alihamia Brooklyn, New York. Familia nyingi za Kimohawk ziliishi huko, maana wanaume wao walikuwa mafundi hodari wa kuunga vyuma vya maghorofa marefu. Huko akaolewa na mhandisi mwenye asili ya Ireland, na siku ile ile sheria ya Kanada ikamtoa katika watu wake.

Kwa miaka mingi Mary alilea watoto wake, akaishi. Kisha mwaka 1966 rafiki yake, mwanamke wa Kimohawk aliyepoteza haki zake kwa ndoa kama yeye, alifariki kwa mshtuko wa moyo mikononi mwake. Mary aliamini kwamba kilichomuua ni uchungu wa kufukuzwa kwao. Alikuwa na umri wa miaka 55, umri ambao wengi huanza kufikiria kupumzika. Yeye ndipo alipoanza kazi. Mwaka 1967 aliunda chama cha kudai haki sawa kwa wanawake wenyeji. Aliandika barua. Aliwaendea wabunge. Mwaka 1968 alipeleka malalamiko yake mbele ya tume ya serikali iliyokuwa ikichunguza hali ya wanawake Kanada nzima.

Mumewe alipofariki mwaka 1969, Mary alirudi Kahnawake, kwenye nyumba aliyoachiwa na bibi yake. Nyumba ilikuwa ya familia yake, lakini kisheria hakuweza kuwa nayo. Aliweza kuishi humo kwa sababu moja tu: binti yake alikuwa ameolewa na Mmohawk, akapata uenyeji kwa ndoa hiyo, na nyumba ikaandikwa jina la binti. Yaani mama aliishi katika nyumba ya bibi yake mwenyewe kwa hisani ya ndoa ya mtoto wake.

Mwaka 1975 Mary alikwenda Mexico kwenye mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake. Akiwa huko, akapigiwa simu kutoka nyumbani: baraza la kijiji limetoa notisi, yeye na wanawake wenzake walioolewa nje wahame Kahnawake. Alikuwa mbali, hakuweza kusimama mbele ya baraza kujitetea. Kumbe waliotoa notisi walikuwa wamempa jukwaa la dunia. Mary alisimama kwenye mkutano ule akawaeleza wanawake wa mataifa mbalimbali yaliyompata saa zile zile, magazeti yakaandika, na notisi zikaondolewa.

Wakati Mary akiandika barua, msichana wa Kianishinaabe aliamua kwenda mahakamani. Jeannette Corbiere Lavell alitoka Wikwemikong, kwenye kisiwa cha Manitoulin katika jimbo la Ontario. Mwaka 1970 aliolewa na mwanamume asiye mwenyeji. Muda si mrefu serikali ikamwarifu kwamba jina lake limeondolewa. Akafungua kesi. Akashindwa mahakama ya kwanza, akakata rufaa, akashinda. Serikali nayo ikakata rufaa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu Kabisa ya Kanada. Huko ikaunganishwa na kesi ya Yvonne Bédard, mwanamke wa jamii ya wenyeji iitwayo Six Nations aliyeachana na mumewe, akarudi na watoto wake kwenye nyumba aliyorithi kwa mama yake, kisha akaambiwa atoke.

Majaji tisa walitoa hukumu mwaka 1973. Watano upande mmoja, wanne upande wa pili. Jeannette na Yvonne wakashindwa kwa kura moja. Hoja kuu ya upande ulioshinda inafaa mwielewe vizuri, kwa kuwa mtaisikia tena maishani mwenu. Ilisema kwamba usawa mbele ya sheria maana yake ni sheria kutumika sawasawa kwa wale inaowahusu, na sheria hii ilitumika sawasawa kwa kila mwanamke mwenyeji aliyeolewa nje. Ni kama mwalimu awanyime wasichana wote uji wa saa nne, na mzazi akilalamika amjibu kwamba hakuna ubaguzi, kwa sababu hakuna msichana hata mmoja aliyepewa.

Na jueni kwamba si serikali peke yake iliyosimama dhidi ya wanawake hawa. Viongozi wengi wa wenyeji wenyewe, wanaume, waliwapinga mahakamani. Tusiwadharau kabla ya kuwasikiliza. Mwaka 1969 serikali ilikuwa imependekeza kuifuta Sheria ya Wahindi yote pamoja na ulinzi wa ardhi uliokuwa ndani yake. Machifu wakaogopa kwamba kifungu kimoja kikivunjwa na mahakama, sheria nzima itaanguka, na ardhi iende nayo. Tena vijiji vilikuwa maskini, nyumba hazitoshi, na watu waliuliza wanaorudi watalala wapi. Hofu hizo zilikuwa za kweli. Lakini wanawake waliuliza swali ambalo halikupata jibu: kama kuna mzigo wa kulinda ardhi, kwa nini ubebwe na mabinti tu, na wana wa kiume waoe watakako bila kupoteza kitu?

Wengine wakawaambia wanaharibu mila. Sisi tuna methali inayosema mwacha mila ni mtumwa, na ni methali ya kweli. Lakini kabla hujampiga nayo mwenzako, uliza kwanza kama jambo analolikataa ni mila. Kanuni ile ilizaliwa bungeni mwaka 1869. Waliokuwa wakiitetea kama mila walikuwa wakiitetea kazi ya wakoloni bila kujua, na wanawake waliotukanwa kuwa wamepotoka ndio waliokuwa wakiwarudisha watu kwenye desturi ya zamani, ambapo mtoto wa mama hafukuzwi kwao.

Sasa twende mashariki, jimbo la New Brunswick, kijiji cha Wamaliseet kiitwacho Tobique. Huko mapambano hayakuanza kwa maneno makubwa ya katiba. Yalianza kwa nyumba. Nyumba za kijijini ziliandikwa majina ya wanaume, na mume akiamua, aliweza kumtoa mke na watoto nje. Wanawake walioachwa barabarani walikwenda kwenye baraza kuomba mahali pa kuishi, wakajibiwa kwamba hakuna. Mwaka 1977 wakachoka. Wakaingia kwenye ofisi ya baraza pamoja na watoto wao, wakakaa, na usiku ulipoingia wakalala humo humo. Miongoni mwa wanawake wa mapambano hayo ya Tobique walikuwa Glenna Perley, Caroline Ennis na msanii Shirley Bear. Nje kulikuwa na majirani waliowatukana, wengine ndugu zao wa damu. Hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mtu wa kijiji kidogo: asubuhi unadai haki yako, jioni unakutana dukani na unayemdai.

Katika kundi hilo alikuwapo mwanamke kijana aitwaye Sandra Lovelace. Alikuwa ameolewa na mwanajeshi wa anga wa Marekani mwaka 1970, wakaenda kuishi California, ndoa ikavunjika, akarudi Tobique na mtoto. Alipoomba nyumba akaambiwa yeye si mtu wa hapa tena. Akapiga hema kwenye ardhi ya kijiji alichozaliwa, akalala humo.

Mahakama ya juu kabisa ilikuwa imeshasema mwaka 1973, kwa hiyo ndani ya Kanada mlango ulikuwa umefungwa. Wanawake wa Tobique, wakisaidiwa na watu waliosomea sheria, wakagundua mlango mwingine. Mwaka 1976 Kanada ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na pia ikakubali kwamba mtu mmoja mmoja, akikosa haki mahakamani kwao, anaweza kulalamika kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa 1977 malalamiko ya Sandra yakapelekwa.

Kusubiri kulikuwa kurefu, nao hawakusubiri wamekaa. Julai 1979 walianza safari kwa miguu kutoka Oka, karibu na Montreal, hadi bungeni Ottawa, mwendo wa kilomita 160 hivi. Walikuwamo mabibi, mama na watoto, juani, kando ya barabara kuu. Mtu aliyepita na gari lake, ambaye hakuwahi kusikia habari ya daftari, siku hiyo alisikia. Waandishi wa habari waliandika. Wanawake kutoka vijiji vingine, ambao kila mmoja alidhani yamempata yeye peke yake, wakajua kwamba wako maelfu.

Tarehe 30 Julai 1981 Kamati ikatoa uamuzi wake. Sandra alikuwa ameolewa mwaka 1970, kabla Kanada haijajiunga na Mkataba, kwa hiyo Kamati haikuweza kuhukumu siku ile alipofutwa. Lakini ilitazama yaliyokuwa yakiendelea: mwanamke huyu, hadi leo, ananyimwa kuishi mahali ambapo lugha yake inasemwa na utamaduni wake unaishi. Mkataba, katika kifungu cha 27, unasema watu wa jamii ndogo wasinyimwe haki ya kufurahia utamaduni wao pamoja na wenzao. Kwa Sandra, wenzake walikuwa Tobique, hakuna pengine. Kamati ikasema Kanada imevunja Mkataba.

Kamati haina polisi wala jela. Nguvu yake ilikuwa aibu. Kanada ilipenda kusema mbele ya dunia kwamba ni nchi ya haki, na sasa mwanamke wa kijiji kidogo alikuwa ameonyesha ushahidi. Nyumbani nako mambo yalikuwa yakisogea. Mwaka 1982 nchi ilipata katiba mpya yenye orodha ya haki, na kifungu chake cha usawa kikapangwa kuanza kazi tarehe 17 Aprili 1985. Mwaka 1983 viongozi wa nchi walikutana kujadili haki za wenyeji katika katiba hiyo, na wanawake hawakupewa kiti. Waziri Mkuu wa jimbo la Quebec, René Lévesque, akampisha Mary Two-Axe Earley kwenye kiti chake, na mama yule akasema mbele ya wakubwa wote wa nchi.

Hatimaye, mwaka 1985, bunge likabadilisha sheria. Mwanamke mwenyeji hatapoteza tena uenyeji wake kwa kuolewa, na waliopoteza warudishiwe. Wa kwanza kurudishiwa alikuwa Mary mwenyewe, tarehe 5 Julai 1985, akiwa na miaka 73. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 100,000 waliandikwa upya daftarini, wanawake pamoja na watoto wao.

Mngependa niishie hapo, lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Kumbukeni wale ndugu wawili. Sheria mpya ilimrudisha dada, ikawaandika na watoto wake, lakini kwa daraja la chini kuliko watoto wa kaka. Matokeo yakaonekana kwa wajukuu, watoto hao nao walipooa au kuolewa nje: mjukuu wa kaka aliandikwa, mjukuu wa dada akaachwa. Ubaguzi haukuondolewa, ulisogezwa mbele kizazi kimoja. Mwanamke wa British Columbia, mwanasheria Sharon McIvor, aliliona hilo akafungua kesi mwaka 1989. Alishinda mwaka 2007. Bunge likarekebisha kidogo mwaka 2011, likarekebisha tena kwa sheria ya 2017, na sehemu ya mwisho ya marekebisho hayo ikaanza kazi Agosti 2019. Mwaka huo huo ulikuwa umetangazwa uamuzi wa Kamati ileile ya Umoja wa Mataifa kwamba McIvor alikuwa na haki. Hesabuni wenyewe: tangu kesi yake hadi hapo ni miaka 30.

Na Sandra? Mwaka 2005 aliteuliwa kuwa Seneta wa Kanada, akakaa katika Seneti hadi 2023. Sheria ya 2017 ilipojadiliwa, mmoja wa waliosimama kudai iondoe ubaguzi wote, si nusu yake, alikuwa yeye.

Msidhani mambo haya ni ya Kanada peke yake. Hapa Kenya, kabla ya katiba ya 2010, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kwa kuzaliwa ikiwa baba yake ni Mkenya. Akiwa Mkenya ni mama tu, haikutosha. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kuomba uraia kwa ndoa hiyo, na mwanamume mgeni aliyeoa mwanamke Mkenya hakuweza. Leo katiba inasema baba au mama, yeyote kati yao anatosha. Neno hilo dogo, "au", lilidaiwa na wanawake kwa miaka mingi.

Wanangu, mtakua na mtakutana na kanuni nyingi ambazo watu watawaambia ndivyo zilivyo. Nyingine ni njema, zishikeni. Lakini inayomwinua mmoja na kumfukuza mwingine wa tumbo lilelile, iulizeni maswali: ilianza mwaka gani, iliandikwa na nani, na anayeumia aliulizwa? Mkiwa wavulana, ulizeni pia, maana kaka aliyeona jina la dada yake likikatwa akanyamaza alikuwa na sehemu yake katika dhuluma ile. Na mkianza kudai, msikate tamaa mkishindwa mara ya kwanza. Jeannette alishindwa kwa kura moja, na hoja yake ndiyo inayofuatwa leo na sheria ya nchi ile.